Kutoka Bakuli hadi Algiers: Yanga Katika Miaka 90

Kiangazi cha mwaka 2021 Yanga ilikuja kwetu magharibi mwa Tanzania mara mbili. Mwishoni mwa Juni ilicheza nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam (Kombe la FA) dhidi ya Biashara United kwenye Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, ikashinda 1-0 kwa bao la Yacouba Sogne. Julai 25 ikaenda Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, kucheza fainali na Simba. Kwa shabiki wa Litapunga, huku Katavi, mechi zilizo jirani namna hiyo hazipatikani kila mwaka. Tabora unapanda treni Mpanda, unapita Kaliua, unafika. Kigoma unapita Uvinza kwa basi. Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, haujawahi kuwa na timu Ligi Kuu, kwa hiyo watu wa huku huipenda timu ya mbali kwa redio, kwa simu na kwa king'amuzi cha kibanda umiza. Siku timu hiyo inaposogea hadi Tabora, aliyeuza mahindi mapema akapata nauli anaonekana mwenye akili.

Waliokwenda Kigoma walirudi vichwa chini. Kiungo Mukoko Tonombe alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko kwa kumpiga kiwiko John Bocco wa Simba. Yanga ikacheza pungufu kipindi chote cha pili, ikahimili, ikahimili tena, hadi zikiwa zimebaki kama dakika kumi. Ikapigwa kona, Taddeo Lwanga wa Simba akaruka juu ya mabeki, 1-0. Simba ikabeba kombe hilo ikiwa imeshachukua ubingwa wa ligi kwa mara ya nne mfululizo. Kocha mkuu wa Yanga, Mtunisia mwenye uraia wa Ubelgiji, Nasreddine Nabi, alikuwa na miezi mitatu kazini na mikono mitupu.

Kwa desturi ya Jangwani, makao ya Yanga, hapo kibarua kingekuwa kimeota nyasi. Hakikuota. Klabu iliyotimiza miaka 90 Februari 11, 2025 ina mambo mengi ya kujivunia, lakini mimi naona hili la kutomfukuza kocha baada ya Kigoma ndilo kubwa kuliko linavyosimuliwa, na ili kulielewa lazima turudi nyuma kidogo, ingawa kaulimbiu ya klabu inasema nyuma ni mwiko.

Young Africans ilianzishwa mwaka 1935 na vijana wa Kiafrika wa Dar es Salaam, mji ambao wakati huo viwanja na vyama vya michezo viligawanywa kwa rangi. Mwaka uliofuata baadhi yao walijitenga na kuanzisha timu iliyokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971 ikaitwa Simba. Kwa hiyo utani wa jadi wa timu hizi mbili ni ugomvi wa ndugu. Wakati wa kudai uhuru wanachama wengi wa Yanga walikuwa pia wanachama wa TANU. Baadaye Abeid Amani Karume aliisaidia klabu kupata jengo lake kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na kiwanja cha mazoezi kilicho jirani kikapewa jina la Kaunda. Mto Msimbazi unapofurika kiwanja hicho hugeuka bwawa. Kwa miaka mingi timu yenye mamilioni ya mashabiki ilikuwa inahama kutafuta mahali pa kufanyia mazoezi mvua zikianza, jambo ambalo mtu wa nje ya nchi ukimweleza anadhani unamtania.

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Yanga ilichukua ubingwa wake wa kwanza 1968, mwaka uleule ilipoifunga Sunderland 5-0 Juni 1, kisha ikaendelea kuutwaa hadi 1972, mara tano bila kuachia. Barani Afrika ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa mwaka 1969 na 1970, na mara zote mbili ikakutana na Asante Kotoko ya Ghana. Mechi za 1969 ziliishia sare ya 1-1 huku na huko, mshindi akaamuliwa kwa kura, na kura ikaangukia Kumasi. Mwaka 1975 ikachukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mjini Zanzibar kwa kuifunga Simba 2-0, mabao ya Sunday Manara na Gibson Sembuli.

Halafu ikapasuka. Mgogoro wa uongozi wa 1976 uliwaondoa wachezaji na wanachama wengi wakaenda kuanzisha Pan African. Yanga iliyobaki ilikuwa na jengo, jina na mashabiki, ila haikuwa na timu. Julai 1977 Simba ikaifunga 6-0, Abdallah Kibaden akapachika matatu, na matokeo hayo hayajasahaulika hadi leo. Mtoto wa Simba wa Mpanda aliyezaliwa juzi anakutajia. Simba ikachukua ubingwa mara tano mfululizo, 1976 hadi 1980. Yanga ilirudi kileleni mwaka 1981. Miaka mitano ya jangwa, basi, ilikuwa imeshawahi kutokea. Wazee wa klabu walipoona mambo ya 2017 walikuwa na haki ya kusema tumeyaona haya.

Mei 2017 mwenyekiti Yusuf Manji alijiuzulu. Alikuwa ameiongoza klabu tangu 2012, na katika kipindi hicho Yanga ilikuwa bingwa wa 2012/13, kisha 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Alilipa mishahara, alilipa usajili, alilipa kambi. Alipoondoka ikaonekana kwamba klabu haikuwa na njia yake yenyewe ya kuishi. Kulikuwa na udhamini wa SportPesa uliosainiwa mwezi huohuo, lakini fedha hizo hazikutosha kulea kikosi kilichozoea mfuko wa tajiri. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakagoma kwenda mazoezini, nyota wakaondoka mmoja mmoja. Kocha Mzambia George Lwandamina, aliyewapa ubingwa wa 2017, aliondoka Aprili 2018 na kurudi Zesco ya kwao bila kuagana na mtu. Msimu huo Yanga ikamaliza ya tatu.

Hapo ndipo akaja Mwinyi Zahera, Mkongomani aliyekuwa pia katika benchi la ufundi la timu ya taifa ya DRC chini ya Florent Ibenge. Historia ya mafanikio ya Yanga ya sasa ikiandikwa bila Zahera inakuwa imeandikwa nusu. Alikuta kikosi chenye vijana wa bei rahisi na wakongwe wasiolipwa. Alimleta mshambuliaji Heritier Makambo kutoka kwao Kongo, akampa nafasi kijana wa Kizanzibari aliyesajiliwa kutoka JKU, Feisal Salum, na alipoona mambo hayaendi akafanya jambo lisilo la kawaida kwa kocha wa kigeni: akawageukia mashabiki na kuwaambia waichangie timu yao.

Bakuli likatembezwa. Hapo Simba walicheka sana, na kwa kweli ilichekesha. Watu walituma shilingi elfu moja, elfu mbili, kwa simu. Katika miji midogo na vijiji mashabiki walikusanya kilichopatikana na kukituma Dar es Salaam, na aliyetuma mia tano alijiona mwenye timu sawa na mfanyabiashara wa Kariakoo. Juni 2019 ikafanyika hafla kubwa ya harambee iliyoitwa Kubwa Kuliko, ukumbi wa Diamond Jubilee. Msimu huo wa 2018/19, wenye timu 20 na mechi 38, Yanga hiyo ya kuombaomba ilimaliza ya pili kwa pointi 86, saba tu nyuma ya Simba iliyokuwa na fedha za mwekezaji na iliyofika robo fainali ya Afrika. Mimi nikiulizwa ni kocha gani wa Yanga wa miaka hii aliyefanya kazi ngumu kuliko wote, simtaji Nabi.

Zahera alitimuliwa Novemba 2019. Alikuwa ametolewa na Zesco katika Ligi ya Mabingwa Afrika na baadaye na Pyramids ya Misri katika Kombe la Shirikisho Afrika, 2-1 pale CCM Kirumba na 3-0 Cairo. Baada yake benchi la Jangwani likawa kama kiti cha kinyozi. Boniface Mkwasa akashika kwa muda. Januari 2020 akaja Mbelgiji Luc Eymael, ambaye Machi 8 aliiona Yanga ikiifunga Simba 1-0 kwa faulo ya Bernard Morrison mbele ya Rais Magufuli, na Julai akaiona ikifungwa na Simba hiyohiyo 4-1 katika nusu fainali ya FA. Mwezi huo akatoa maneno ya kibaguzi dhidi ya mashabiki wa timu iliyomwajiri, akafukuzwa, na hilo halikuhitaji kikao kirefu. Akafuata Mserbia Zlatko Krmpotić. Huyu aliongoza mechi tano za ligi, akashinda nne, akatoka sare moja, na akafukuzwa Oktoba 3, 2020 muda mfupi baada ya kuifunga Coastal Union 3-0. Sababu iliyotajwa vijiweni ni kwamba timu inashinda ila haichezi. Labda. Lakini mwajiri anayemfukuza mtu siku ya ushindi wa 3-0 ana tatizo ambalo kocha hawezi kulitibu.

Mrundi Cedric Kaze akaingia Oktoba hiyo. Makazi ya Katumba yapo jirani na Litapunga, nayo yalianza mwaka 1972 kwa kupokea wakimbizi kutoka Burundi ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Kocha kutoka Burundi, na kiungo Saidi Ntibazonkiza naye kutoka Burundi, kwa watu wa pale lilikuwa jambo la kutajwa. Chini ya Kaze Yanga ilimaliza mzunguko wa kwanza bila kufungwa. Halafu Machi 2021 ikapoteza kwa Coastal Union 2-1 Mkwakwani, ikatoka sare ya 1-1 na Polisi Tanzania, na Kaze akaondolewa pamoja na benchi lote. Juma Mwambusi akashika usukani. Hesabu kuanzia Zahera: watu sita walikuwa wamekaa kwenye benchi hilo katika muda wa takribani miezi kumi na minane, na Aprili 20, 2021 akatangazwa wa saba.

Nabi alitoka Al Merrikh ya Sudan. Mechi yake ya kwanza alifungwa na Azam 1-0, bao la Prince Dube dakika za mwisho. Haikuwa salamu nzuri.

Mei 8 ikaja ile sinema ya watani. Mechi ilipangwa saa 11 jioni Uwanja wa Benjamin Mkapa, na saa chache kabla ikatangazwa kuwa imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ikasema kanuni hairuhusu kubadili saa kwa haraka namna hiyo. Ikaja uwanjani kwa muda wa awali, wachezaji wakapasha misuli, saa 11 ikafika, mpinzani hayupo, wakapanda basi wakaondoka. Simba ikaja kwa muda mpya, ikapasha misuli nayo, mpinzani hayupo. Watu walikaa majukwaani na tiketi zao hadi giza likaingia, wameziona timu zote mbili ila hawajaona mpira. Katika vibanda vya Mpanda, waliolipa kiingilio walidai warudishiwe, na sijui kama kuna aliyerudishiwa. Mechi ikapangwa upya Julai 3, na siku hiyo Zawadi Mauya akapiga shuti la mbali, likamgonga Shomari Kapombe, likaingia. Yanga 1, Simba 0. Ushindi huo uliahirisha tu sherehe ya ubingwa wa Simba. Ila baada ya hapo wachezaji wa Yanga walianza kucheza kama watu wanaojua wanachokifanya, na ndiyo maana Kigoma, wakiwa kumi, walichukua muda mrefu hivyo kufungika.

Wakati huo mambo mawili yalikuwa yakiendelea nje ya uwanja. La kwanza, fedha. Kampuni ya GSM ya Ghalib Said Mohamed ilikuwa imeanza kubeba gharama za usajili na kambi, na mtu wake, mhandisi Hersi Said, ndiye aliyekuwa akizunguka kutafuta wachezaji. Mei 2021 Azam Media nao walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na kwa mara ya kwanza klabu za Tanzania zikawa na fedha za televisheni za kuhesabika. La pili, katiba. Mwenyekiti Mshindo Msolla, ambaye mwenyewe amewahi kuinoa Taifa Stars, aliitisha mkutano mkuu Juni 27, 2021, na wanachama wakapitisha mfumo mpya wa kuendesha klabu: asilimia 51 ibaki kwa wanachama, 49 iweze kwenda kwa wawekezaji. Wapo wazee waliolia siku hiyo kwamba timu imeuzwa. Siwalaumu. Walikuwa wamemwona tajiri mmoja akiondoka na klabu ikabaki na bakuli, na sasa wanaambiwa waamini matajiri wengine. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii kulikuwa na karatasi.

Dirisha la usajili la kiangazi hicho ndilo lililobadilisha sura ya timu. Kutoka AS Vita ya Kinshasa wakaja mshambuliaji Fiston Mayele, beki Djuma Shaban na winga Jesus Moloko. Kutoka Stade Malien akaja kipa Djigui Diarra. Yannick Bangala, Mkongomani mwingine, akaweza kucheza beki wa kati na kiungo kwa utulivu uleule. Mganda Khalid Aucho akashika dimba. Makambo akarudi kutoka Horoya ya Guinea. Walikutana na Waswahili waliokuwa wameshazoea jezi: Feisal, nahodha Bakari Mwamnyeto, Dickson Job, Kibwana Shomari. Vyumba vya kubadilishia nguo vikajaa Kifaransa na Kilingala, na Nabi hakuhitaji mkalimani kwa nusu ya kikosi. Oktoba klabu ikafanya jambo lisilo la kawaida kwake: ikamrudisha Cedric Kaze, yuleyule iliyemtimua Machi, awe msaidizi wa Nabi. Akakubali. Sio kila mwanamume angekubali.

Lakini kabla ya Oktoba kulikuwa na Septemba. Yanga ilicheza na Rivers United ya Nigeria katika hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa, baadhi ya wachezaji wapya wakiwa nje kwa sababu hati zao za uhamisho wa kimataifa zilichelewa. Ikafungwa 1-0 nyumbani, 1-0 Port Harcourt, nje. Usajili wote ule, mbwembwe zote zile, na Afrika imekwisha kabla ligi haijaanza. Jina la Utopolo, kejeli ya watani kwa Yanga, lilitembea nchi nzima wiki hiyo. Ukichukua vipimo vya zamani, Nabi alikuwa ameshatosha kufukuzwa mara mbili: Kigoma na Port Harcourt. Krmpotić aliondoka bila kufungwa hata mechi moja ya ligi.

Siku sita baada ya Port Harcourt, Septemba 25, Yanga ilikutana na Simba katika Ngao ya Jamii. Dakika ya 11 Mayele akaunasa mpira, akageuka, akapiga. 1-0, na hivyo ndivyo ilivyoisha. Akakimbilia kibendera cha kona na kutetemesha mabega na mikono. Kufikia masika kutetema kulikuwa kumevamia nchi: watoto wanaocheza kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, wakifunga wanatetema, bwana harusi anatetema, mchungaji mmoja mmoja naye hakuwa mbali.

Msimu wa 2021/22 Yanga ilicheza mechi 30 za ligi. Ilishinda 22, ikatoka sare 8, haikufungwa. Pointi 74, Simba 61. Ubingwa wa 28 ulithibitishwa Juni 15, 2022 kwa kuifunga Coastal Union 3-0. Mayele alifunga mabao 16 na bado akakosa kiatu cha mfungaji bora, kwa sababu George Mpole wa Geita Gold alifunga 17, na nadhani Tanzania ilistahili kumshangilia Mpole kuliko ilivyofanya. Kombe la FA nalo likaja, Arusha, Julai 2, baada ya sare ya 3-3 na Coastal na mikwaju ya penalti. Wiki moja baadaye, Julai 9, Hersi Said akachaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Yanga chini ya katiba mpya.

Rekodi ya kutofungwa ilifika mechi 49 za ligi. Ilianza mara tu baada ya ile mechi ya kwanza ya Nabi dhidi ya Azam, yaani kocha alipoteza siku ya kwanza kazini kisha hakupoteza tena ligi kwa mwaka mmoja na nusu. Iliisha Novemba 29, 2022 huko Mbarali, mbele ya Ihefu iliyokuwa inahangaika chini ya msimamo. Yanga ilitangulia kupata bao, Ihefu ikarudisha, ikaongeza, 2-1. Katika uwanja mdogo wa katikati ya mashamba ya mpunga. Watu wa mikoani waliipenda sana ile, hata baadhi ya Yanga, kimyakimya.

Msimu huohuo ndio wa Afrika. Ilianza vibaya tena. Yanga ilitolewa na Al Hilal ya Sudan kwenye Ligi ya Mabingwa, 1-1 Dar es Salaam na 1-0 Omdurman, ikaangukia Kombe la Shirikisho Afrika na kupangiwa Club Africain ya Tunis. Mechi ya kwanza kwa Mkapa ikawa suluhu, na zile kelele za kumtaka Nabi aondoke zikasikika upya. Wiki moja baadaye, nyumbani kwao Nabi, Stephane Aziz Ki akafunga dakika za lala salama na Yanga ikapita 1-0. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Kundi lenye US Monastir, TP Mazembe na Real Bamako ikaongoza kwa pointi 13, ikimfunga Mazembe nyumbani na Lubumbashi. Robo fainali ikapangiwa nani? Rivers United. Mayele akawafunga mawili kwao Nigeria, marudiano yakaisha 0-0, na deni la Septemba 2021 likalipwa. Nusu fainali Marumo Gallants ya Afrika Kusini, 2-0 na 2-1. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa akinunua kila bao la mashindano hayo kwa mamilioni, na mtaani likaitwa goli la Mama.

Fainali ya kwanza, Mei 28, 2023, haiwezi kusimuliwa kwa mpira peke yake. Umati ulizidi kwenye mageti ya Uwanja wa Mkapa, watu wakakanyagana, shabiki mmoja akafariki na wengine kadhaa wakajeruhiwa. Ndani, USM Alger ilitangulia, Mayele akasawazisha dakika ya 82, na kabla shangwe haijatulia Waalgeria wakafunga la pili. Juni 3 kule Algiers, Djuma Shaban akaweka penalti mapema. Kipindi cha pili USM wakapata yao, Diarra akaipangua. Ikaisha 1-0 kwa Yanga, jumla 2-2, kombe likaenda kwa USM kwa kanuni ya bao la ugenini. Mayele alikuwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7. Tanzania haikuwa imefika fainali ya Afrika ya klabu tangu Simba ya 1993, ile ya Stella Abidjan. Ligi Yanga ikaichukua tena kwa pointi 78, na FA ikaichukua Tanga kwa kuifunga Azam 1-0, bao la Kennedy Musonda. Baada ya hapo Nabi akaaga. Mayele naye akaondoka, kwenda Pyramids.

Mrithi wake, Muargentina Miguel Gamondi, aliikuta nyumba imejengwa na akaipaka rangi. Novemba 5, 2023 aliifunga Simba 5-1, na wale waliokuwa wakikumbushwa 1977 na ile 5-0 ya Mei 2012 wakapata la kujibu. Msimu huo Yanga ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti baada ya 0-0 mbili, huku shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba na kudunda likikataliwa. Mjadala wa shuti lile haujaisha Mpanda.

Na desturi ya zamani je? Novemba 2024 Gamondi alifungwa na Azam 1-0, kisha na Tabora United 3-1. Tabora United, timu ya magharibi yetu. Ndani ya siku chache akaondolewa. Akaja Mjerumani Sead Ramović, akakaa hadi Februari, akaenda zake CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Kwa hiyo siku klabu ilipokata keki ya miaka 90, kocha wake alikuwa wa tatu ndani ya msimu mmoja na hata hajamaliza wiki mbili kazini. Ukiwa na kumbukumbu za 2020, ungesema yanajirudia.

Ila hesabu za msimu zilikataa. Mishahara ilikuwa inalipwa. Aucho alikuwa bado dimbani, Diarra golini, Job na Mwamnyeto nyuma, na Clement Mzize, kijana aliyelelewa ndani ya klabu, alikuwa anafunga. Makocha watatu walipita na timu ilicheza karibu vilevile. Mechi ya pili ya watani iliyoahirishwa Machi, kwa mara nyingine saa chache kabla, ilichezwa Juni 25, 2025 ikiwa ndiyo inayoamua bingwa. Pacome Zouzoua akafunga kwa penalti, Mzize akaongeza, 2-0, ubingwa wa 31. Baadaye Hamdi alikwenda Ismaily ya Misri, na Yanga ikaanza kutafuta kocha mwingine.